Nani Anamleta Mtoto Huyu?

Kamene alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini zimemjaa mdomoni, akipima upindo wa yunifomu ya kanisa ya Mama Yvonne. Ilikuwa Jumamosi, ghorofani kwenye jengo moja la River Road ambalo stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Chini barabarani mtu mmoja alitangaza mabomba ya maji kwa spika, na mwenzake akamjibu kwa spika yake kwamba hayo ni takataka, mabomba ya kweli yako kwake. Mama Yvonne alikuwa amesimama juu ya stuli, mikono ameitanua kama mtu anayekaguliwa mlangoni mwa benki, akilalamikia marinda.

"Ile ya kwanza ilikuwa na marinda mengi. Hii imekuwa kama ya mtoto wa shule."

Kamene aliendelea kupima upindo. Kitambaa kilikuwa kimepanda bei mara mbili tangu Pasaka, na ni chama cha akina mama chenyewe kilichokaa, kikaomba, kikaamua marinda yapunguzwe. Mama Yvonne alikuwa kwenye kikao hicho. Tena ndiye aliyefunga kwa maombi.

"Hata hivyo, hiyo siyo imenileta," Mama Yvonne aliendelea. "Ni mambo ya kesho. Wazee walikaa. Mtoto wako atabatizwa, tumshukuru Mungu. Lakini si wewe utamshika pale mbele. Mimi ndiyo nitamshika."

Kamene akainua uso. Alitaka kusema jambo, lakini mtu mwenye pini mdomoni akikurupuka kusema atazimeza.

"Usiniangalie hivyo, mamaa. Sheria unaijua. Msichana akizalia nyumbani, mtoto anashikwa na mama mwenye ndoa ya kanisa. Wewe unakaa kwa benchi yako ya nyuma, unafuatilia tu. Tungempa nyanya yake, lakini wazee waliuliza huko kwenu Mwingi. Mama yako pia hakufunga ndoa kanisani. Yake ilikuwa ya mbuzi tu. Sasa tutafanyaje?" Alishuka kwenye stuli akimshika Kamene bega ili asianguke. "Basi tumeelewana. Hiyo nguo niipate leo jioni, nataka kuivaa kesho."

Akaivua, akavaa nguo zake, akaenda. Kufikia wakati Kamene alipomaliza kuchomeka pini zote kwenye mkono wa sweta yake, mume wake Mama Yvonne, Mzee Kitavi, mmoja wa wazee wa kanisa, aliyekuwa akimngojea mlangoni, alikuwa ameshamshika mkono kumteremsha ngazi.

Mwenye duka, Kamla, mama wa Kihindi aliyeuza vitambaa na kumkodishia Kamene kona ya cherehani, alikuwa amesikia yote kutoka kwenye kaunta. Alikuwa anakunja satini.

"Kamene. Huyo mtoto ni wako?"

"Ni wangu."

"Ulizaa wewe?"

"Mimi, Mama."

"Sasa huyu anataka kushika nini?" Kamla akakunja tena, kwa hasira kidogo. "Hata sisi tuko nao. Dada yangu aliolewa na mtu hawakumtaka, wamama wote wa temple wakagonjeka siku moja, siku ya harusi. Wote tumbo!"

Kamene alicheka, halafu akainamia cherehani machozi yasionekane. Akaikanyaga kwa mguu, kwa kuwa stima bado, na akamalizia yunifomu ya mwanamke aliyekuja kumnyang'anya mtoto. Aliimaliza vizuri. Hakujua kushona vibaya.

Kanisa lenyewe liko Mutuini, katikati ya mashamba ya nyasi za ng'ombe na nyumba mpya za kukodi ambazo bado zinanuka simiti. Kamene aliokoka pale. Aliimba kwaya pale, akafundisha watoto wa Sunday school pale, na ni pale pale alipompenda Mulwa, mpiga kinanda. Walipendana mazoezini, na watu wakawa wanatabasamu tu wakiwaona, wakingoja barua ya posa. Tumbo lilipoingia, Mulwa aliitwa mbele ya wazee, akaweka mkono juu ya Biblia, akasema huyo mtoto hamjui. Kamene aliitwa naye, akasema kweli. Wazee wakatafakari. Penye wazee haliharibiki neno, kwa hiyo wakamwondoa Kamene kwaya, wakamwondoa Sunday school, wakamweka benchi ya nyuma chini ya nidhamu. Mulwa wakamwacha kwenye kinanda. Hakukuwa na mwingine aliyejua kukipiga.

Alipoona macho yamezidi, Kamene alihamia Uthiru, akapata chumba. Lakini kanisa hakuhama. Wengi walimuuliza kwa nini asitafute lingine, makanisa Nairobi ni mengi kuliko maduka ya dawa. Alikuwa akiwajibu, "Nilimpata Yesu hapo. Yeye hajahama, mimi nihame niende wapi?" Alitubu mbele ya wazee kama alivyotakiwa. Naamini Mungu alimsamehe siku ileile. Wazee ndio waliokuwa bado kwenye kikao.

Kwa hiyo kitu kimoja tu ndicho alichokuwa amekingoja mwaka huo wote: siku ya ubatizo, asimame mbele ya watu hao hao, akiwa na Nzisa mikononi, asikie mtoto wake akiitwa jina mbele za Mungu. Hakutaka watu wamwombe radhi. Hakutaka Mulwa arudi. Alitaka kumshika mtoto wake.

Alifika Uthiru jua likielekea kuzama. Gesi ilikuwa imeisha, na mama yake, Mukonyo, aliyekuja kutoka Mwingi kwa ajili ya ubatizo, alikuwa amewasha jiko la makaa nje ya mlango, akichemsha muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, aliobeba mwenyewe kwenye gunia. Alisema mahindi ya Nairobi yanauzwa kwa bei ya dhahabu na bado yana mchanga. Nzisa alikuwa mgongoni kwake, amelala, masikio yametokeza nje ya leso. Yalikuwa masikio ya Mulwa, yamechongoka juu na kugeuka mbele. Mtu yeyote mwenye macho angeyaona, isipokuwa wazee wa kanisa.

Kamene alimweleza mama yake kila kitu akiwa bado amesimama, mkoba begani.

Mukonyo aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Walisema mimi sikuolewa?"

"Walisema ya mbuzi tu."

"Ya mbuzi tu!" Alicheka kicheko kikavu. "Hao mbuzi wa ntheo, mbuzi wa kuposa, walifika kwa baba yangu wakitembea kwa miguu yao, wote, na baba yako nyuma yao amevaa koti la kuazima. Baba yangu akala, wazee wakala. Nimezaa watoto saba, nimemzika baba yako kwa mikono hii. Sasa naambiwa sikuolewa. Wanasema nilikuwa natembea tu?"

"Mama, watu watasikia."

"Wasikie." Akakoroga. Halafu sauti ikashuka. "Lakini Kamene, kubali tu. Mpe huyo mama ashike. Maji ni maji. Mtoto akishabatizwa, nani atauliza alishikwa na nani? Mnyonge hana haki, mwanangu. Utapigana na kanisa?"

Kamene alitaka kukubaliana naye. Alikuwa amechoka, na kukubali ni rahisi, unakaa tu benchi ya nyuma unafuatilia. Aliingia ndani, akafunga pazia, akapiga magoti kando ya kitanda kuomba kukubali.

Maombi yalikataa. Kila alipoanza kusema mapenzi yako yatimizwe, alimwona Mama Yvonne akimtoa Nzisa mikononi mwake, na hasira ikampanda. Alimkasirikia Mama Yvonne, akamkasirikia Mulwa na mkono wake juu ya Biblia, akawakasirikia wazee, na kwa kuwa alikuwa peke yake na ukweli hauna haja ya kufichwa hapo, akamkasirikia Mungu pia. Akamwambia. "Baba, hawa watu wamekuwa wakinipimia mlango wako. Wananiambia niingie hapa, nisiingie pale, nikae nyuma. Nimekubali yote. Lakini huyu mtoto ulinipa wewe. Nilipomzaa hakukuwa na mzee hata mmoja pale hospitalini, ulikuwa wewe na mimi. Kama hutaki nimshike, niambie wewe mwenyewe. Usitume Mama Yvonne."

Akangoja. Mungu hakusema kitu. Ila Kamene aliposimama, aliona jambo la ajabu: aibu aliyoizoea, ile aliyovaa kila Jumapili pamoja na kitambaa cha kichwa, haikuwepo. Aliitafuta, kama mtu anavyopapasa mfuko, akaikosa.

Nje, mama yake alikuwa akipakua. "Umekubali?"

"Bado," Kamene akasema, akamchukua mtoto.

Jumapili kanisa lilijaa. Ubatizo huleta watu: mashangazi, wajomba, wapiga picha wasiotumwa na yeyote. Wazazi waliwekwa benchi za mbele, watoto wamevaa nyeupe. Kamene alikaa nyuma na mama yake, karibu na mlango, na Nzisa alikuwa na gauni aliloshonewa kwa vipande vya satini kutoka kwa Kamla. Pale kando ya madhabahu Mulwa alikuwa kwenye kinanda chake, shati limepigwa pasi, akitazama vidole vyake. Tangu Nzisa azaliwe hakuwahi kutazama upande wa benchi ya nyuma. Shingo yake ilikuwa imezoea kugeukia upande mmoja tu.

Pasta Kibe alikuwa kijana, mwenye roho nzuri na uti wa mgongo mwepesi. Alisimama penye beseni la maji, akawa anasoma majina, na wazazi wakaja wawili wawili. "Nani anamleta mtoto huyu?" aliuliza kila mara, nao wakajibu, "Sisi, wazazi wake." Maji, jina, makofi, wimbo kidogo wa kinanda. Halafu akasoma, "Mtoto Nzisa, analetwa na Mama Yvonne Kitavi."

Mama Yvonne alikuwa amekuja mpaka nyuma, ndani ya yunifomu yake mpya, mikono tayari. "Nipatie," alinong'ona.

Kamene alisimama. Akamweka Nzisa vizuri kifuani, akampita Mama Yvonne, akaanza kutembea katikati ya mabenchi. Ilimchukua Mama Yvonne muda kuelewa, halafu akamfuata kwa haraka, mikono yake bado imenyooshwa, haina kitu. Shangazi mmoja alianza kupiga makofi akidhani ndivyo ilivyopangwa, mwenzake akamshika mkono.

Pasta alimwona akija, akatazama karatasi, akatazama wazee. Lakini mdomo ulikuwa umezoea. "Nani anamleta mtoto huyu?"

"Mimi, mama yake," Kamene akasema.

Mzee Kitavi aliinuka kwenye kiti chake, akaja kumnong'onezea pasta sikioni, na pasta akaitikia kwa kichwa, taratibu, mara nyingi.

"Kamene," pasta akasema, sauti ya chini, "hii mambo tulielewana."

"Mlielewana nyinyi, Pasta. Mimi nilikuwa na pini mdomoni."

Mtu akacheka upande wa vijana, akakatizwa. Pasta Kibe akageukia karatasi yake. Hapo ndipo Mulwa alipoanza kupiga kinanda polepole, kama wapiga kinanda wafanyavyo maneno yanapokwama kanisani, wapate kuyafunika.

Kamene hakupandisha sauti, alingoja mpaka Mulwa akaona haya na kuacha kupiga. "Pasta, nikuulize. Haya maji ni ya nani?"

"Ni... ni ya Mungu."

"Nimeongea naye jana jioni. Hakuniambia nimpe mtu mwingine mtoto wangu. Kama aliwaambia nyinyi kwa kikao, niambieni alisema aje, nitarudi nyuma saa hii."

Pasta alimtazama mtoto. Nzisa alikuwa amenyoosha mkono kuelekea beseni, vidole vinapiga hewa. Kwa muda kidogo ilionekana kwamba Kibe angechota maji, mkono wake ulikuwa hata umeshalowa. Halafu Mzee Kitavi akakohoa.

"Tutazungumza baada ya ibada," pasta akasema, akafuta mkono kwa kitambaa. "Mtoto anayefuata."

Iliuma. Haikuwa aibu, ulikuwa uchungu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wa kumwona mwanao akirukwa mbele ya watu, maji yakiwa pale, hata mzazi hajui ataupeleka wapi. Lakini hakurudi nyuma. Benchi ya mbele ilikuwa na nafasi, pale ambapo wazazi wa waliobatizwa walikuwa wameinuka kwenda kupigwa picha. Akakaa hapo. Punde Mukonyo naye akaja kutoka nyuma kwa mwendo wake wa magoti mabovu, akaketi kando yake, akaweka mkoba wake mapajani kwa nguvu.

"Jana ulisema nikubali," Kamene akamnong'oneza.

"Jana sikuwa nimewaona," mama yake akasema.

Pale Mutuini ibada haimalizikii ndani. Ndiyo desturi yao tangu kanisa lilipokuwa la mabati matupu. Pasta hutoka wa kwanza, akasimama uani. Wa pili akitoka anamsalimu pasta kwa mkono na kusimama kando yake. Wa tatu anawasalimu hao wawili na kusimama, na hivyo hivyo, mpaka kila mtu amemshika kila mtu mkono, na mstari umejikunja uani ukawa duara. Anayetoka mwisho huwa mpiga kinanda, kwa sababu ndiye anayewasindikiza wengine kwa wimbo. Akishasimama mahali pake, wanashikana mikono wote na kusema neema. Mtu akiwa bado ndani, neema haisemwi. Wakati fulani walimngoja bibi mmoja aliyelala usingizi, wakamngoja hadi akaamka mwenyewe, na hadithi hiyo husimuliwa kwa wageni kwa majivuno, eti sisi hatumwachi mtu.

Walio chini ya nidhamu hawakukatazwa mstari, lakini hakuna aliyetaka kunyoosha mkono usipokewe. Mwaka wote huo Kamene alikuwa akiondoka wimbo wa mwisho ukianza, akizungukia upande wa vyoo, akienda kutafuta gari.

Leo alibaki amekaa. Watu walimpita, wengine wakamgusa bega, wengine wakatazama dari. Mukonyo akatoka. Kamene aliwaacha wote wapite, mpaka ukumbi ukabaki wa watu watatu: yeye, mtoto, na Mulwa akipiga wimbo. Kwa mara ya kwanza Mulwa aliinua macho. Akamwona. Vidole vikakosea.

Kamene akatoka nje.

"Bwana asifiwe, Pasta," akasema, akanyoosha mkono.

Pasta Kibe akaupokea, kiganja chake baridi. "Asifiwe, Kamene." Mzee Kitavi alifuata, aliutazama ule mkono kwanza, lakini watu mia walikuwa wanamtazama yeye, akatoa vidole. Mama Yvonne akaupokea, macho kwenye marinda yake. Kamene aliendelea, mkono baada ya mkono, Bwana asifiwe, asifiwe, na Nzisa akawa ananyoosha wake pia, na hapo watu walishindwa, maana nani atakataa mkono wa mtoto? Mwimbaji mmoja wa kwaya, Janice, alimshika mno hata akamuumiza. "Ata mimi mtoto wangu walinishikia," akanong'ona. "Sikusema kitu." Mukonyo, alipofikiwa, alimsalimu binti yake kwa heshima zote kama vile hawajuani, halafu akampiga ngumi ndogo begani.

Kamene akasimama mwisho wa mstari. Kando yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

Kinanda kilinyamaza. Mulwa alikuja hadi mlangoni, akasimama kwenye kizingiti. Aliutazama mstari wote, akaufuata kwa macho ulivyojikunja, akaona unapoishia. Ili neema isemwe, angewasalimu wote, na mwishoni angesimama pale, amshike mkono Kamene na yule mtoto akiwa kati yao, masikio yake mbele ya kanisa zima.

"Nimesahau kukunja waya wa kinanda," akasema, akarudi ndani.

Jua lilikuwa kali. Watoto waliobatizwa walianza kulia. Mzee mmoja alivua kofia, akajipepea, na watu wakaanza kubadilisha miguu. Kukunja waya mmoja hakuchukui muda huo wote, kila mtu alilijua hilo, na kadiri walivyosimama ndivyo walivyozidi kulijua. Baadhi ya akina mama walianza kumtazama Nzisa, kisha mlango, kisha Nzisa.

Mzee Kitavi alisafisha koo. "Pasta, jua limezidi. Mulwa ana kazi huko. Tuseme tu neema tuende."

Pasta Kibe akainua mkono kuanza.

"Pasta," Kamene akasema. "Kuna mtu bado yuko ndani."

"Kamene, tafadhali—"

"Si mlisema hatumwachi mtu? Tumngoje."

Pasta akautazama mlango uliokuwa wazi. Hakuna aliyetoka. Akautazama mstari, na hakuna aliyemsaidia, hata wazee, ambao wote walikuwa wamegundua jambo la kutazama chini kwenye viatu vyao. Mkono wake ukashuka polepole.

Kamene akamhamishia Nzisa kiuno cha kushoto. Akanyoosha mkono wake wa kulia pale palipobaki pengo, akauacha hapo, wazi, na kanisa zima likasimama juani likimngoja Mulwa.